Vichupa Sita vya Daktari Docus

Docus Okwera alizaliwa mwaka 1981 katika kambi ya polisi mjini Kampala, ndani ya kimojawapo cha vile vibanda vya mabati vya duara ambavyo wakazi wake waliviita "mama ingia pole". Mlango wa kibanda ulikuwa mfupi, na aliyesahau kuinama aliacha ngozi ya paji la uso pale juu. Baba yake, Sajini Okwera, alikuwa mtu wa Lira, Mkatoliki. Mama yake, Fatumah, alikuwa Mnubi wa Bombo aliyeswali swala zake tano bila kukosa. Baba hakujua lugha ya mama, na mama alikuwa amejifunza maneno matatu tu ya lugha ya baba, yote ya kuomba chakula. Kwa hiyo nyumbani kilisemwa Kiswahili, Kiswahili cha kambini, kile kisichojali sana sarufi bali kinamfikisha mtu anakokwenda.

Kazi ya Sajini Okwera ilikuwa kutunza stoo ya vielelezo. Humo mlikuwa na mapanga, redio zilizoibwa, mashati yenye damu iliyokauka, hata baiskeli isiyo na magurudumu. Kila kitu kilifungwa kadi yenye namba, tarehe na jina la aliyekileta. Docus akitoka shule alikaa humo, akimsaidia baba yake kusoma namba kwa sauti wakati yeye akizitafuta daftarini. Wasichana wenzake walijifunza kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Yeye alijifunza kwa mapanga.

Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, Docus alikuwa na miaka kumi na tisa, anasubiri kuanza masomo ya udaktari wa mifugo. Kwa wiki kadhaa redio ya nyumbani haikuzimwa. Wengine walisikiliza kwa hofu tu. Yeye alikuwa na hofu pia, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichomwashawasha: alitaka kujua kitu kidogo namna ile, kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, kilikuwa kimejificha wapi kabla ya kumpata mtu wa kwanza. Alipomaliza shahada yake hakwenda kutibu ng'ombe. Aliomba nafasi katika maabara ya utafiti wa virusi, akaanza kwa kuosha vyombo na kuandika lebo.

Makala yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 2009. Alichukua nakala akaipeleka Ntinda, kwenye nyumba ndogo nyuma ya maduka ambako wazazi wake walihamia baada ya mzee kustaafu mwaka huohuo. Mzee Okwera alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya majina ya waandishi.

"Wewe ni wa saba," alisema. "Kati ya tisa."

"Si mtihani, Baba. Hayo ni majina ya waliofanya kazi."

"Na huyu wa kwanza?"

"Ndiye aliyefanya kazi kubwa. Na wa mwisho ndiye mkubwa wetu."

"Basi wa saba ni nani?"

Docus alicheka. "Wa saba ndiye aliyekwenda kukamata mbu porini miezi minne."

Mzee aliiweka ile nakala ndani ya mfuko wa nailoni, akaibandika kadi: namba moja, tarehe, jina la aliyeileta. Tangu siku hiyo kila makala iliyotoka iliingia kwenye faili lake kwa utaratibu uleule. Docus alipanda kutoka wa saba hadi wa nne, hadi wa pili. Alisoma shahada ya uzamivu huku akinyonyesha mtoto wake wa kwanza. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyeitwa Oyet, alijifunza kupika malakwang, mboga chachu ya majani na karanga ya kwao, baada ya kuunguza sufuria mbili. Maisha yao hayakuwa ya kifahari, lakini yalikwenda vizuri.

Makala ya kumi na tatu ndiyo iliyomfanya ajulikane. Hiyo jina lake lilikuwa la kwanza. Ilihusu homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mbuzi, kondoo na ng'ombe ambao mtu huupata kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa au kwa kuumwa na mbu. Mwaka 2018 Docus na wenzake walichukua damu ya watu mia nne na ishirini jijini. Nusu yao walikuwa wachinjaji na wauza nyama. Nusu nyingine walikuwa wauza mboga, nafaka na mitumba wa soko la Nakawa, watu wasioshika nyama mbichi kazini, ili walinganishwe na wale wa kwanza. Walitafuta katika damu ile alama ambayo mwili huiacha baada ya kupigana na kirusi, alama inayobaki kwa miaka mingi hata mtu akiwa amekwisha kusahau kwamba aliugua.

Wachinjaji wengi walikuwa na alama hiyo, na hilo lilitarajiwa. Ajabu ilikuwa kwa wauza mboga: sita kati yao walikuwa nayo pia. Docus alijiuliza sana. Mwisho alijenga hoja kwamba mbu wa maeneo ya chepechepe ya mashariki mwa jiji walikuwa wakieneza kirusi kimyakimya kwa watu wasiowahi kugusa mnyama. Ilikuwa hoja nzuri, imeandikwa vizuri, na jarida la nje lililoheshimika liliikubali mwaka 2020. Watafiti wa nchi nyingine wakaanza kuinukuu. Profesa Valère, Mkongo kutoka Bukavu aliyekuwa mkubwa wa kikundi chao na jina la mwisho katika makala, aliiweka hoja ya mbu katika ombi jipya la utafiti. Docus alialikwa kwenda kuhutubia mkutano wa wanasayansi Nairobi.

Safari ya Nairobi ilipokaribia, mwaka 2022, mzee Okwera alikuja na ombi. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, wamekaa barazani.

"Makala yako kumi na tatu iko kwenye faili," alisema, "na mimi sijasoma hata moja nikaelewa. Kiingereza chake ni kama wiring ya umeme. Niambie hii ya Nairobi kwa Kiswahili, ili mtu akiniuliza binti yako amekwenda kusema nini nisibabaike."

Docus alifikiri itachukua dakika kumi. Ilichukua saa mbili. Alipojaribu kusema kwa Kiswahili cha nyumbani, maneno makubwa aliyozoea kuyategemea hayakuwapo, na kila sentensi ilimlazimu aseme hasa alichokifanya: tulikwenda hapa, tukamtoa mtu huyu damu, tukaiweka pale. Mzee alimsimamisha kila mara. Nani alishika kichupa? Kililala wapi? Nani alikuwa na ufunguo?

"Wewe Okwera," mama Fatumah alisema akimimina chai, "umestaafu miaka kumi na tatu. Mwache mtoto anywe chai."

"Namuuliza tu."

"Unamhoji. Mimi nakujua."

Mzee alifunua ukurasa wa mwisho. Maneno ya makala yalimshinda, lakini jedwali hakulishindwa. Maisha yake yote yalikuwa jedwali. Hapo waliorodheshwa wote waliokuwa na alama, bila majina, kwa namba tu. Namba za wachinjaji zilikuwa zimetawanyika: tatu, tisa, ishirini na mbili. Kidole chake kilishuka hadi kwa wauza mboga, kikasimama.

"Hawa watu sita namba yao inafuatana," alisema. "Mia moja thelathini na moja, na mbili, na tatu, mpaka na sita."

"Ndiyo. Labda walikaa karibu sokoni."

"Uliwapa namba kwa kufuata vibanda?"

Docus aliivuta makala, akalitazama jedwali upya. Hawakufuata vibanda. Waligawa namba kwa kadiri watu walivyojitokeza, leo muuza nyanya, kesho muuza mitumba wa upande wa pili.

"Sita kati ya mia mbili na kumi," mzee aliendelea, wala hakuwa na ukali, "na wote wamepanga mstari. Stoo yangu ikionyesha hivyo, mimi sitafuti mwizi. Natafuta siku ambayo nilihamisha rafu."

Docus alikasirika. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mmoja, daktari wa falsafa, na makala yake ilikuwa imepita mikononi mwa wahakiki watatu ambao hakuna hata mmoja aliyeliona jambo hilo. Alisema anachelewa, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kumaliza chai. Lakini akiwa njiani, boda boda ikikatiza katikati ya foleni ya Ntinda, alikumbuka siku aliyohamisha rafu.

Ilikuwa mchana wa Novemba 2018. Umeme ulikatika, jenereta ikagoma, na friza ikaanza kupoteza ubaridi. Docus alibeba masanduku ya vichupa mwenyewe, ndani ya beseni la barafu, hadi jengo la jirani. Kwenye ngazi alijikwaa. Vifuniko vya masanduku mawili vilifunguka, vichupa kadhaa vikateleza juu ya barafu. Alivirudisha upesi, vidole vikiwa vimekufa ganzi, na lebo zote zikiwa zimefunikwa na theluji ya friza. Baadaye, damu ilipopimwa, matokeo yaliandikwa kwa kufuata sanduku na tundu. Hakuna aliyefuta lebo na kuisoma upya.

Jumatatu asubuhi alifika maabara kabla ya wote. Alitoa sanduku la pili la wauza mboga, lililoanzia namba mia moja na moja, akakitwaa kichupa cha tundu la thelathini na moja, akakipangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Kilipaswa kuwa na herufi M, ya mboga. Kilikuwa na N, ya nyama. Akapangusa cha pili. N. Cha tatu. Alipomaliza vyote sita alikaa kwenye kiti akavitazama, na kitu cha kwanza alichokihisi hakikuwa aibu. Kilikuwa ahueni, kama mtu aliyekuwa akisikia mlio fulani ndani ya nyumba kwa miaka na sasa ameona ni bomba gani linalovuja. Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa wingi.

Profesa Valère alimsikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Docus, dada yangu," alisema mwisho, kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu kilichopanda na kushuka, "vichupa sita tu. Kati ya mia ine na makumi mbili."

"Ndiyo, Profesa."

"Wachinjaji bado wana ugonjwa. Hiyo haikubadilika."

"Imezidi hata. Wameongezeka sita. Lakini mbu wa chepechepe hawapo. Niliwaumba mimi."

Valère alicheka bila furaha. Mbu wale walikuwa katika ombi lake la utafiti, ukurasa wa pili. Alizunguka chumba mara moja, akachukua kalamu, akaiweka. "Tunaweza kunyamaza," alisema, "na hakuna mutu atajua."

"Baba yangu anajua."

"Baba yako ni profesa?"

"Ni polisi."

Hapo Valère alicheka kwa kweli. Akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Basi tuandike barua," alisema. "Lakini kwanza tupate damu mupya, ili tuandike mara moja tu."

Kwa hiyo Docus alirudi Nakawa. Wauza mboga wawili kati ya sita walikuwa wamehama, lakini wanne aliwapata. Wa kwanza alikuwa Phelister, Mjaluo kutoka upande wa Kenya, aliyeuza vitunguu na dagaa na ambaye sokoni wote walimwita Mama Oketch kwa jina la mwanawe mkubwa. Mwaka 2019 Docus ndiye aliyempigia simu na kumwambia kwamba aliwahi kuugua homa ya Bonde la Ufa pasipo kujua. Sasa alisimama mbele ya meza yake ya vitunguu na kumweleza, kwa maneno yaleyale ya barazani, kwamba kichupa chake kilibadilishana nafasi na cha mtu mwingine, kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe Docus, na kwamba angependa kumpima tena kama atakubali.

Mama Oketch aliweka chini kitunguu alichokuwa akikimenya.

"Daktari, unajua nilifanya nini uliponipigia simu?"

"Sijui, Mama Oketch."

"Niliuza mbuzi zangu. Nilikuwa nazo nne nyumbani, kwa mama mkwe. Nikasema kama ugonjwa umetoka kwa mbuzi, mbuzi watoke. Mama mkwe hakuongea na mimi mpaka Krismasi."

"Nisamehe sana, Mama."

"Nne, Daktari! Na moja ilikuwa na mimba." Akapiga makofi kwa mshangao, kisha akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichowageuza wauza nyanya wa meza ya pili. "Sasa nikimwambia kwamba hata ugonjwa haukuwapo, si atahama boma!" Akapandisha mkono wa blauzi. "Haya, toa damu. Lakini safari hii sitaki simu. Simu inapotea. Niandikie kwenye karatasi, kwa Kiswahili, na mhuri, nimpelekee akaone kwa macho yake."

Damu yake haikuwa na alama yoyote, wala ya wenzake watatu. Docus aliandika ile karatasi akiwa Ntinda, maana alirudi kwa wazazi Jumapili iliyofuata, akaomba radhi kwa chai aliyoiacha. Mama Fatumah alisema chai ile alikwisha kuyamwagia maua. Mzee Okwera hakusema lolote la kujisifu. Alisogeza kiti, wakaandika pamoja, yeye akikataa kila neno ambalo muuza vitunguu angelazimika kumuuliza mtu mwingine maana yake. Ikawa ukurasa mmoja: tulichukua damu yako lini, tulikosea nini, ukweli ni upi, unapaswa kufanya nini, namba yangu ya simu ni hii. Wachinjaji sita walioambiwa kwamba hawajawahi kuugua nao walipata karatasi zao. Mmoja aliisoma akasema alijua tangu zamani. Homa ya mwaka ule ilimlaza siku kumi na hakuna aliyemsadiki, hata mkewe.

Barua ilikwenda kwa jarida. Miezi minne baadaye sahihisho lilichapishwa, nusu ukurasa, likiwa na jina la Docus mbele. Kabla ya hapo mkutano wa Nairobi ulikuwa umefanyika. Alikwenda, akahutubia dakika kumi na tano, na tano za mwisho alizitumia kueleza ngazi, barafu na lebo. Alipomaliza, mtafiti mmoja mama kutoka Garissa aliinuka akasema kwamba yeye alikuwa akiwatafuta mbu hao kwa miaka miwili bila kuwapata na alidhani yeye ndiye mjinga. Watu wakacheka, na Docus akacheka nao.

Si kila kitu kilinyooka. Ombi la utafiti la Valère lilibidi liandikwe upya na likachelewa mwaka mzima. Cheo cha mtafiti mkuu, alichokuwa akikingoja Docus, kilisogezwa mbele, na wenzake wawili maabara walinong'ona kwamba amejiharibia jina kwa mikono yake. Kuna wiki alizoamini kwamba wana haki. Oyet alimpikia, akamsikiliza, akamkumbusha kwamba katika hesabu anayefuta na kuandika tena hapunguziwi alama. Docus alimjibu kwamba maisha si darasa la pili la sekondari, kisha akala sahani mbili.

Lakini jambo moja lilibaki, na lilibaki kwa sababu ya Mama Oketch. Kila makala iliyotoka baada ya hapo ilitoka na karatasi yake ya Kiswahili, na nyingine ya Kiganda iliyotafsiriwa na msaidizi wa maabara, na ilipelekwa kwa mkono kwa watu waliotoa damu. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Mwanzoni Valère aliona ni kazi ya ziada. Baadaye akawa anaiomba kabla ya makala yenyewe kumalizika. "Niletee ile ya mzee," husema, "kama ile haieleweki, hata ingine tusitume." Mara mbili tayari wameahirisha makala kwa sababu ukurasa wa Kiswahili ulikataa kuandikika, na walipochimba waligundua kwamba wao wenyewe hawakuwa na hakika walichokiona.

Mwaka 2024 Docus aliitwa mbele ya jopo la vyeo. Orodha yake ya machapisho ilikuwa na makala kumi na saba. Mwenyekiti, mwanamke aliyeitwa Vera ambaye hawakuwa wakijuana kabla ya hapo, aliweka kalamu kwenye mstari wa kumi na tatu.

"Hapa umeandika sahihisho pembeni," alisema. "Wengi huliacha nje. Kwa nini umeliweka?"

"Kwa sababu ni kazi niliyoifanya," Docus alijibu. "Ilinigharimu zaidi kuliko makala yenyewe."

Vera alimtazama juu ya miwani, akaandika kitu, akafunua ukurasa. Hawakumwuliza tena juu yake. Wiki tatu baadaye barua ya cheo ilifika, na mzee Okwera aliitia kadi kama kawaida, ingawa alilalamika kwamba tarehe imeandikwa mahali pasipofaa.

Siku ile barua ilipofika wenzake maabara walitaka kukata keki. Ilikatwa saa nane mchana, na Docus alikula kipande chake amesimama, maana gari lilikuwa limerudi kutoka Lubaga na damu ya wafugaji themanini wa nguruwe. Alinawa mikono, akavaa glavu, akawaita vijana wawili wa zamu. Mmoja alishika daftari, mwingine kitambaa cha spiriti. Docus aliinua kichupa cha kwanza kwenye mwanga na kusoma lebo yake kwa sauti.